Jino la Mwanangu na Maji ya Kwetu Meru

"Haya mama, fungua kinywa. Leo hatung'oi kitu," daktari alimwambia binti yangu, naye akafungua. Ana miaka 6. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti na begi lake la shule begani, nikikifuatisha kwa macho kile kioo kidogo kikipita juu ya magego, kikirudi nyuma ya meno ya mbele, kikisimama. Daktari akaniita nisogee. Kwenye gego moja la utotoni palikuwa na kitobo cheusi, kidogo kama kichwa cha kiberiti. Na kwenye meno ya juu, karibu na fizi, palikuwa na madoa mawili meupe, yamefifia kama chokaa iliyokaukia ukutani.

"Hiki nitakiziba," akasema. "Haya meupe ndiyo mwanzo wa kutoboka, ila bado hayajafika huko. Haya nitayapaka floraidi."

Nikasita. Nimezaliwa na kukulia chini ya Mlima Meru, na meno yangu ni ya kahawia, yana mistari na vijishimo. Tangu ujana wangu, nikicheka, mkono huenda mdomoni wenyewe.

"Daktari," nikamwambia, "hiyo unayotaka kumpaka mtoto ndiyo iliyonifanya hivi." Nikamwonyesha.

Aliyatazama kwa muda, bila mshangao. "Kumbe baba kwao Arusha," akasema. Kisha akavua glavu, akavuta kigoda akakaa, na ingawa foleni ilikuwa inamsubiri nje, akanieleza. Nilitoka pale na maswali mengi kuliko niliyoingia nayo, na kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikiyatafutia majibu.

Mtu wa kwetu hutambulika kabla hajataja jina lake. Nilipopelekwa shule ya bweni mkoa wa mbali, wenzangu walidhani sipigi mswaki. Muhula ule wote wa kwanza niliyasugua meno kwa chumvi, kwa mkaa, hata kwa mchanga laini wa korongoni, mpaka fizi zikawa zinavuja damu kila asubuhi. Doa halikutoka. Lisingeweza kutoka, maana halikuwa limekaa juu ya jino. Lilijengwa ndani yake, tangu jino likiwa bado limelala kwenye taya halijaota, nami nikiwa mtoto mchanga ninayenyweshwa uji uliopikwa kwa maji ya kwetu.

Maji yenyewe ni matamu. Ni maangavu, ni baridi, sabuni hutoa povu upesi. Mgeni huyasifia. Lakini Meru ni mlima wa volkano, na mawe na majivu ya volkano za Bonde la Ufa yana floraidi nyingi. Maji yanapopenya katikati ya mawe hayo huibeba. Kwa kuwa maji hayo yana magadi mengi na chokaa kidogo, hakuna kitu njiani cha kuikamata floraidi ikatuama chini, hivyo hufika kisimani nayo yote. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Katika mto Maji ya Chai, ambao wasafiri wa barabara ya Arusha na Moshi huupita bila kuuwaza, vipimo vimewahi kuvuka miligramu 10. Kwenye maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kiwango huhesabiwa kwa mamia. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4 kwa lita katika maji ya kunywa, kwa sababu vijiji vingi havikuwa na maji mengine ya kunywa. Baadaye kiwango kikashushwa hadi 1.5. Kukishusha kwenye karatasi kulikuwa rahisi kuliko kukishusha kisimani.

Na si maji peke yake. Mama alipopika makande alitia magadi ili mahindi na maharage yaive upesi na kuni zisiishe. Magadi hayo, yanayookotwa kwenye kingo za maziwa ya chumvi ya bondeni, nayo hubeba floraidi. Watafiti wa afya ya meno nchini walikwisha kuonyesha kwamba hata mahali ambapo maji si mabaya, watoto wa familia zinazopikia magadi hupata meno ya madoa. Mama alikuwa akichemsha maji yetu ya kunywa kila jioni kama alivyofundishwa kliniki. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haiendi na mvuke. Inabaki sufuriani, maji yakipungua ndiyo inazidi kukolea.

Meno ya kahawia ndiyo nafuu. Palipo na kiwango kikubwa zaidi, floraidi huingia kwenye mifupa. Katika vijiji vya upande wetu wapo watoto waliopinda miguu, wengine matege, wengine magoti yanagongana, na wapo wazee ambao mgongo na viuno vimekakamaa kiasi kwamba kuinama kuokota fimbo ni kazi. Nimecheza nao hao, na wengine ni ndugu zangu. Kwa hiyo mtu anaponiambia floraidi ni dawa, aanze kwanza kwa kunieleza hili.

Daktari alianza na hilo. Aliniambia kwamba madoa kama yangu ndiyo yaliyowafunulia watu faida ya floraidi, na kwamba habari hiyo ilianzia mbali sana, mlimani Colorado, Marekani. Nimeisoma baadaye mwenyewe. Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alihamia mji wa Colorado Springs akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Vitabu alivyosomea havikuwa na ugonjwa huo. Aliufuatilia kwa miaka 30. Mwaka 1909 alimvuta G. V. Black, bingwa mkubwa wa meno wa wakati ule, aje kuyaona mwenyewe. Wakagundua mambo mawili: kwamba aliyehamia pale ukubwani hapati madoa, ila aliyezaliwa pale huyapata, na kwamba meno hayo yenye sura mbaya yalikuwa hayatoboki kama ya watu wengine. McKay alishuku maji, lakini hakuna aliyeweza kumwonyesha kilichomo. Mwaka 1931 mkemia wa kampuni ya aluminiamu, H. V. Churchill, alipima maji ya mji wa Bauxite, Arkansas, ambako watoto walikuwa na madoa yale yale, akaikuta floraidi.

Baada ya hapo Trendley Dean, daktari wa serikali, alizunguka mji kwa mji akilinganisha maji na meno ya watoto. Alichotafuta ni kipimo: floraidi kiasi gani hulinda jino bila kulitia doa la kuonekana? Akafikia kama miligramu 1 kwa lita. Tarehe 25 Januari 1945, mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza duniani kutia floraidi kwenye maji ya bomba kwa makusudi. Baada ya miaka 11, kutoboka kwa meno ya watoto waliozaliwa tangu siku ile kulikuwa kumepungua kwa zaidi ya asilimia 60.

Nilipoisoma habari hiyo nilikaa kimya kwa muda. Wenzetu wa Colorado walikuwa na meno kama yangu, na kutokana nayo wakapata kipimo cha kulinda meno ya mamilioni ya watu. Kwetu, meno hayo yamebaki kitambulisho cha kuchekwa nacho.

Sasa, floraidi hulindaje? Gamba la nje la jino ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini, lakini asidi huliyeyusha. Mtoto akila biskuti, vijidudu vilivyomo kwenye ukoga unaonata menoni hula ile sukari na kutoa asidi. Asidi ikikolea mpaka pH ikashuka chini ya 5.5 hivi, chumvichumvi za kalsiamu na fosfati huanza kutoka kwenye gamba. Kisha mate huja yakaisafisha asidi na kuzirudisha zile chumvi mahali pake. Mchezo huo huendelea kinywani kutwa nzima, kutoka na kurudi. Kama sukari inaingia kila baada ya muda mfupi, ubuyu saa nne, juisi ya pakiti saa sita, lambalamba saa tisa, chai yenye vijiko vitatu jioni, mate hayapati nafasi ya kurudisha. Kinachotoka kinazidi kinachorudi. Lile doa jeupe la mwanangu ndilo deni lenyewe linapoanza kuonekana, na kitobo ni pale linapokuwa halilipiki tena.

Floraidi ikiwepo kidogo kwenye mate na ukoga, chumvi hurudi upesi zaidi, na gamba linalojengeka upya huwa na floraidi ndani yake. Gamba hilo ni sugu kuliko la awali: asidi lazima ikolee hadi karibu pH 4.5 ndipo ianze kuliyeyusha. Na hapa ndipo daktari aliponishika mkono kwa neno moja. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba floraidi lazima imezwe ili ijenge jino kutoka ndani. Leo inafahamika kwamba kazi yake kubwa huifanya nje, juu ya jino lililokwisha kuota. Ubaya wa kwetu ulipitia tumboni, miaka ya kwanza minane ya maisha, wakati meno ya ukubwani yanaumbwa kwenye taya. "Mimi simnyweshi," akasema. "Nampaka."

Nikaomba hesabu, maana kwa maneno peke yake nisingekubali. Aliyotaka kumpaka huitwa vanishi, na jina linafaa, kwani hupakwa kwa brashi ndogo na kugandia jinoni kama vanishi ya fundi seremala kwenye mbao. Ina floraidi kali, sehemu 22,600 kwa kila milioni. Lakini kinachotumika kwa mtoto wa meno ya utotoni ni kama robo ya mililita, ambayo ndani yake mna miligramu 5 na nusu hivi, mara mbili kwa mwaka, na sehemu kubwa hubaki juu ya meno ikitoka polepole. Mimi nikiwa na umri wa binti yangu, kama nilikunywa lita moja na nusu kwa siku ya maji yenye miligramu 4 kwa lita, nilimeza miligramu 6. Kesho yake tena 6. Na maji mengi ya kwetu yalizidi 4.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonikalisha chini. Alimpaka. Dakika mbili tu, meno yakawa na rangi ya asali, binti akalalamika yananata kama ulimbo. Tukaambiwa asitafune vitu vigumu siku hiyo na asipige mswaki mpaka kesho. Tathmini kubwa ya kimataifa ya mwaka 2013, iliyokusanya majaribio yaliyofanywa kwa maelfu ya watoto, ilikuta vanishi hupunguza kutoboka kwa asilimia 37 kwenye meno ya utotoni na 43 kwenye ya ukubwani. Kinachonisumbua tangu siku ile ni kwamba mwanangu aliipata kwa sababu nilikuwa na nauli, nina bima, na daktari alikuwa na dakika kumi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyotoboka. Wengi wao, na wa kwetu wamo, humwona daktari wa meno siku ambayo shavu limevimba na usingizi umewashinda wazazi. Siku hiyo dawa ni koleo.

Na haikulazimu iwe hivyo. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, kupitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtaalamu wa meno Jo Frencken na wenzake walianza kuziba meno vijijini bila mashine wala umeme: unaondoa sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, unajaza simenti ya meno. Njia hiyo ilipokelewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994 na leo inafundishwa kila bara. Simenti inayotumika hutoa floraidi yenyewe polepole. Ndiyo iliyowekwa kwenye kitobo cha mwanangu, na hakuchomwa sindano wala hakusikia mlio wa mashine. Ipo pia dawa ya maji yenye fedha na floraidi, iliyoanzia Japani mwaka 1970. Tone lake hukausha uozo ukasimama pale pale, kwa kasoro moja tu, kwamba mahali hapo hugeuka peusi moja kwa moja. Mama wa mtoto mwenye gego linaloelekea kung'oka lenyewe hatajali weusi huo akijua mtoto atalala usiku. Mwaka 2021 simenti hiyo, dawa hiyo ya fedha na dawa ya meno yenye floraidi ziliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Zina haki ya kukaa rafu moja na panadoli katika zahanati. Nesi anayempima mtoto uzito na kumchoma chanjo anaweza kufundishwa kumpaka vanishi kabla hajamrudisha kwa mama yake.

Kutia floraidi kwenye maji, kama Grand Rapids, kwetu siungi mkono, na sidhani mtu anayeijua ramani ya maji ya nchi hii ataunga mkono. Uswisi walitia kwenye chumvi tangu mwaka 1955 na ikawafaa. Lakini chumvi yetu ya Uvinza na ya Bagamoyo hupanda magari ikauzwa Dar es Salaam, ambako maji ya mto Ruvu yana floraidi kidogo, ikauzwa pia Ngaramtoni na King'ori, ambako tayari tumeshiba. Kinachofaa nchi yenye uhaba na ziada kwa pamoja ni kuipeleka floraidi jinoni moja kwa moja, na kuitoa kwenye maji.

Ya jinoni kila nyumba inaweza kuanza nayo leo usiku. Dawa ya meno iwe na floraidi, sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni. Soma kasha, kwa sababu nyingine za miti shamba hazina kabisa. Mtoto chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia 3 hadi 6, punje ya njegere. Ule mstari mrefu unaojaza brashi, tunaouona kwenye matangazo, haumfai mtoto. Mkubwa awepo, ahakikishe anatema. Na akishatema asisukutue kwa maji mengi, kwa sababu atakuwa anaiondoa dawa kabla haijafanya kazi. Nilikuwa nikimsimamia binti yangu asukutue mara tatu, nikidhani namfunza usafi. Punje ya mchele ina kama sehemu moja ya kumi ya miligramu, hivyo hata mtoto wa Meru haimdhuru. Kinachomdhuru yeye kimo ndooni.

Na ya kuitoa ndooni, nenda Ngurdoto. Hapo, mwendo mfupi kutoka barabara kuu, Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa moto mkali kwenye tanuri lisilopitisha hewa nyingi, hugeuka mkaa, husagwa punje punje na kujazwa kwenye chujio. Maji yakipita, floraidi inanaswa. Nilipouliza kwa nini mfupa, nilijibiwa jambo ambalo sijalisahau: mfupa na gamba la jino vimejengwa kwa madini ya aina moja. Mkaa wa mfupa huivuta floraidi kama jino la mtoto linavyoivuta, ila unaivuta kabla haijamfikia mtoto. Kenya nao, katika jimbo Katoliki la Nakuru, wametumia njia hiyo kwa miaka mingi.

Udhaifu wake ni kwamba mkaa huchoka. Ukishajaa floraidi, maji hupita kama kawaida, rangi ile ile, ladha ile ile, na familia huendelea kunywa ikiamini imelindwa. Chujio bila mtu wa kupima na kubadilisha mkaa ni ndoo kama ndoo nyingine. Ningependa kuona kila kisima cha wilaya zetu kimeandikwa kiwango chake kwa rangi, kinasomeka, kama tunavyoandika tarehe ya kuisha kwenye dawa. Mama mjamzito ajue kipi cha kufulia na kipi cha kupikia uji.

Mwezi wa 12 binti anakwenda kwa bibi yake. Wiki chache hazitamtia doa, daktari ameshanihakikishia, lakini nilimpigia mama simu nimweleze kuhusu maji, magadi na punje ya njegere. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mke mwenzangu nitamtengea ya mvua," akasema. "Bati tunalo, tangi tunalo. Nitafunga kitambaa chekundu kwenye dumu lake, mtu asiliguse." Kisha akanyamaza, nikadhani simu imekatika. "Lakini mwanangu, nanyi mlipokuwa wadogo mvua si ilikuwa inanyesha?"

"Ilikuwa inanyesha, mama," nikamjibu. "Ila nyumba yetu ilikuwa ya nyasi."